Mashine Iliyouzwa Ikiwa Mbovu

Kila asubuhi shangazi yangu husimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, akiwatazama watoto wanaokwenda shule. Nyuso zao hata hazioni. Anatazama sweta.

"Huyo wangu," anasema. "Huyo si wangu. Yule pale, mkono wa sweta umefumwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kwao. Huyo wangu, ila mama yake kaifua kwa maji ya moto, ona ilivyosinyaa kama zabibu."

Chai inapoa. Akimwona mtoto mwenye kiwiko kilichotoboka atamwita, "We mwanangu, hebu njoo," kisha anachomoa sindano anayoitembeza kwenye ukosi wa gauni lake na kukifunga kitanzi cha uzi kilichoachia palepale barabarani. Mtoto anarukaruka kwa kuogopa kengele ya shule.

"Ipo siku wazazi watakushitaki kwa kuwachelewesha watoto wao," baba humwambia. Baba ni kaka yake mkubwa, na sote tunaishi nyumba moja.

"Wanishitaki. Kitanzi kimoja ukikiacha asubuhi, jioni kimeshafumuka mpaka chini kama ngazi."

Mtaani wanamwita Fundi. Miaka yote ninayoijua mimi amefuma sweta za shule kwenye karakana ya mtu mwingine, chumba kirefu nyuma ya duka la vyombo, mashine zimepangwa ukutani na dirisha ni moja tu. Bosi wake ni mwanamke aliyenunua mashine lakini kufuma hajui. Kazi yake ni kupita jioni akizivuta zile sweta huku na huku kama anayetaka kuzichana, akitafuta kosa. Kosa likipatikana, sweta inarudi kwa aliyeifuma aanze upya, hata kama aliyekosea ni mashine. Shangazi alikuwa akirudi nyumbani anajikanda bega la kulia, anasema, "Nasukuma kigari cha watu. Siku nikisukuma changu mtanisikia naimba."

Mashine ya kufuma kwa asiyeijua si kitu kikubwa. Ni ubao mrefu wa chuma unaolala mezani, umejaa sindano zilizopangwa kama meno ya kitana. Juu yake kuna hicho kigari. Ukikisukuma kwenda, umefuma mstari mmoja, ukikirudisha, umefuma mwingine. Krrr, krrr. Ukipita nje utadhani mtu anafungua na kufunga zipu ya begi kubwa kutwa nzima.

Basi, Mzee Breki alikuwa nayo moja. Huyu alikuwa dereva wa lori kabla hajastaafu, na jina lilimpata kwa sababu kila akitaka kusema jambo zito hunyoosha kiganja na kusema kwanza, "Ngoja, funga breki hapo." Mashine ilikuwa ya mke wake, ambaye sasa ni marehemu. Alipokuwa hai ilianza kudondosha vitanzi, akaihangaikia, akachoka, akaifunika kwa kitambaa. Alipofariki waliiacha vilevile sebuleni na juu yake wakaweka maua ya plastiki.

Shangazi alisikia inauzwa, akaenda na baba, na mimi nikafuata. Aliondoa maua mwenyewe, taratibu, akafunua kitambaa, akakisukuma kigari mara moja. Sindano zilicheza kama meno ya mtu mwenye homa. Mzee Breki akatikisa kichwa.

"Unaona? Imekufa hiyo. Nauza chuma tu, Fundi, sikufichi."

"Na mimi sikufichi, mzee," shangazi akasema. "Inaweza kupona."

"Ngoja, funga breki hapo. Ikipona, bahati yako. Ikizidi kufa, maiti yako. Mimi usije ukanirudia."

Mkaza mwanawe, yaani mke wa mtoto wake, alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi, akicheka. "Jamani mwondoleeni baba hilo dude, nipate pa kuweka kabati."

Wakakubaliana bei, bei ya mashine mbovu. Shangazi akatoa nusu papo hapo kama kianzio. Nusu iliyobaki angeileta mwisho wa mwezi akija na mkokoteni kuichukua. Mzee akapokea, wakapeana mikono, baba akasema maneno mazuri ya kumkumbuka marehemu. Tulipotoka shangazi alitembea mbele yetu kama mtu anayewahi harusi. Kesho yake akamwambia bosi wake kwamba mwezi ukiisha asimtegemee. Wiki haikuisha bosi akawa amekwishapata msichana mwingine wa kukaa kwenye kiti chake. Wazazi watatu wanne wa mtaani nao wakaanza kuagiza sweta kwake moja kwa moja.

Sasa hapa ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la mafundi. Mtu mwingine angekaa kwake akasubiri mwisho wa mwezi. Yeye hakuweza. Alisema ni sawa na kuwa na mgonjwa hospitalini halafu usiende kumtazama.

Ubovu wa mashine ile alishaujua tangu siku ya kwanza. Juu ya zile sindano hupita ukanda mwembamba wa sponji ndani ya reli ya chuma, kazi yake kuzikandamiza zitulie. Sponji ikizeeka inakuwa kama mkate wa juzi, inasagika. Sindano zinainuka na vitanzi vinadondoka. Ni hivyo tu. Ila sponji ya unene ule huipati dukani kirahisi. Shangazi alijaribu ya kuoshea vyombo, nene mno. Akajaribu ya godoro, laini mno. Jumapili moja nikamwona ameketi kitandani na koti lake la kwendea misibani na harusini, anafumua bitana kwenye mabega. Akazitoa zile pedi za mabega, akazibonyeza kwa vidole, akacheka peke yake.

"Hizi hapa," akasema.

"Na koti je?"

"Koti litavaliwa bila mabega. Kwani mabega sinayo?"

Akazikata vipande vyembamba, akaviunga, tukaenda kwa Mzee Breki. Mzee akasema, "Karibu mama, mali yako hiyo, isalimie." Nasisitiza hayo maneno kwa sababu niliyasikia mimi. Shangazi akachomoa reli, akakwangua ile sponji iliyooza, akapitisha yake, akafuta sindano moja moja kwa kitambaa chenye mafuta, akairudisha reli. Akatia uzi. Akakisukuma kigari.

Krrr.

Akakirudisha. Krrr. Hakuna kitanzi kilichodondoka. Akaendelea, kitambaa kikaanza kushuka chini ya mashine, cha bluu, laini, na shangazi akaanza kuimba kweli kama alivyokuwa akiahidi. Mkaza mwana akatoka jikoni, safari hii bila mwiko. Mtoto wa mzee, ambaye siku zote yuko chumbani na simu, naye akatoka. Mzee mwenyewe alikuja akasimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Mimi nilimwangalia mkaza mwana. Yeye hakuwa anaangalia kitambaa. Alikuwa anaangalia kasi.

"Sweta moja inachukua muda gani?" akauliza.

Shangazi, kwa furaha yake, akamweleza kila kitu, na wapi huwa zinauzwa.

Mwisho wa mwezi tulipokwenda na mkokoteni, mlango ulifunguliwa nusu tu.

"Baba kaghairi," mkaza mwana akasema.

"Kaghairi nini?"

"Kuuza. Hauzi tena. Njoo kesho uchukue hela yako."

"Dada yangu, mimi nimekwishainunua. Nimebakiza kuimalizia na kuibeba."

"Ulinunua mbovu, si ndiyo? Tukakuuzia bei ya mbovu. Hii iliyomo ndani si mbovu. Kwa hiyo hii hatujauza."

Ni maneno ambayo ukiyasikia unajua ni upuuzi, lakini ukitaka kuyajibu huoni pa kuyashika. Mwenye mkokoteni nyuma yetu akauliza, "Mama, napakia au sipakii?" Mlango ukafungwa, na kwa ndani tukasikia, polepole kama mtu anayejifunza, krrr.

Mwenye mkokoteni ilibidi alipwe vilevile.

Siku zilizofuata nyumba haikukalika. Shangazi alikuwa anaosha sufuria iliyokwishaoshwa. Anaanza sentensi, "Yaani mimi mwenyewe, kwa mikono yangu mwenyewe," halafu anaachia hapo. Karakana hana tena kiti. Wazazi walioagiza wanapita kuuliza, anawaambia wiki ijayo, na kusema wiki ijayo kunamuuma kuliko kutukanwa. Baba alimwambia yaishe, ni majirani. Shangazi akamwambia akanywe maji alale.

Kwenye chumba cha nyuma cha maktaba kuna mwanasheria anayekaa kila Alhamisi kusikiliza watu bila malipo. Ni mwanamke mdogo kwa umri kuliko shangazi, miwani inamteleza puani, feni juu yake inagonga kila ikizunguka. Tulisubiri hadi mchana. Alimsikiliza shangazi mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akaanza.

"Mlikubaliana kitu gani hasa, mama? Mashine yoyote, au ile?"

"Ile. Iliyokuwa na maua."

"Bei mlikubaliana?"

"Tulikubaliana."

"Na ulitoa kianzio, mbele ya watu?"

"Mbele ya kaka yangu, na huyu mtoto. Na huyo mkaza mwana alikuwepo, alikuwa anacheka."

"Basi huo ni mkataba. Kutoandika hakuufanyi usiwe mkataba, kunafanya kuuthibitisha kuwe kugumu tu, na wewe una mashahidi."

"Wanasema wameghairi."

"Mtu anaghairi kabla hajakubali. Akishakubali na akapokea, hawezi kughairi peke yake, mpaka na wewe ukubali. Labda aseme ulimdanganya."

"Nilimwambia kwa mdomo wangu inaweza kupona."

"Akasemaje?"

"Ikipona bahati yangu, ikifa maiti yangu."

Mwanasheria akacheka, miwani ikateleza zaidi. "Huyo mzee amejifunga kamba mwenyewe. Ingekufa usingeweza kumdai, kwa sababu yule si duka, ni mtu binafsi kakuuzia kama ilivyo. Ukikubali kuubeba ubovu wake, uzima wake nao ni wako."

Shangazi aliniangalia kama kusema, umesikia?

Kisha yakaja yale mengine. Kwamba anaweza kudai apewe mashine akimalizia malipo. Kwamba mahakama mara nyingi hupenda kuamuru watu wafidiane kwa hela, yaani arudishiwe kianzio na alipwe kile kitakachozidi akinunua nyingine ya aina hiyo, lakini kama kingine cha aina hiyo hakipatikani, inaweza kuamuru kitolewe kile kile. "Zinapatikana?" akauliza. Shangazi akasema hazitengenezwi tena. "Vizuri, hilo uliseme." Kwamba asiende kuibeba kwa nguvu, akifanya hivyo yeye ndiye atakayeshitakiwa. Aende aseme waziwazi, mbele ya shahidi, kuwa yuko tayari kumaliza na anaitaka mali yake, awape siku. Wakikataa, aje afungue madai.

"Na jambo moja, mama. Wakikurudishia kianzio, usipokee kimya kimya. Ukipokea, watasema mmeachana kwa amani."

Tulirudi kwa miguu, shangazi anayarudia yale maneno njia nzima asiyasahau. Mimi niliacha shule mapema, lakini kushika maneno naweza, kwa hiyo akikwama namkumbusha. Kwa mara ya kwanza katika siku nyingi alinunua machungwa.

Tulipoingia ndani, baba alikuwa ameketi ametulia, mbele yake glasi mbili za maji, moja imenywewa nusu.

"Mzee Breki alikuwa hapa," akasema. "Mambo yamekwisha. Kaleta hela yote, haikupungua hata kidogo. Ninayo hapa."

Shangazi akaweka machungwa chini.

"Ukapokea."

"Nimepokea."

"Kaka. Ukapokea!"

"Sasa ningefanyaje? Mtu mzima kaja mwenyewe mpaka hapa, kwa miguu yake ile mibovu, kavua kofia, kaninyooshea kwa mikono miwili. Nimwachie mikono inaning'inia?"

"Ingening'inia! Ingening'inia mpaka ikauka! Na wewe ukapokea kwa mikono mingapi?"

Baba akaitazama ile glasi iliyonywewa nusu.

"Mikono mingapi, kaka?"

"Miwili," baba akasema. "Nikamwambia asante."

Shangazi alitoka nje akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakulia. Alikaa tu, anasukuma mkono wa kulia kwenda na kurudi juu ya goti lake. Baba akaja mlangoni, akasimama pale ambapo shangazi husimama asubuhi, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hakujua, hakuna aliyemwambia. Na ni kweli, hakuna aliyemwambia, kwa sababu shangazi alishamwambia akanywe maji alale. Mimi sikuona wa kumkasirikia, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Alhamisi iliyofuata mwanasheria alisema bado kuna nafasi. Aliyepokea si mnunuzi, wala hakutumwa na mnunuzi. Irudishwe haraka, mbele ya mashahidi, na maneno yasemwe.

Basi Jumamosi mchana tukaenda, shangazi, baba na mimi. Shangazi alivaa lile koti lake. Bila pedi, mabega yalikuwa yamelala, moja chini kuliko jingine, akaonekana kama mtu aliyevishwa koti la marehemu.

Mashine sasa ilikuwa imesogezwa dirishani. Maua ya plastiki yalikuwa sakafuni. Kwenye sindano kulikuwa na kipande cha sweta kilichoanzwa, kimevutika upande, na katikati yake kitanzi kimoja kilikuwa kimeachia. Shangazi alikiona kabla hajaketi. Nilijua kwa sababu mkono wake ulikwenda ukosini.

"Shikamoo mzee," akasema.

"Marahaba, Fundi. Karibu, karibuni nyote."

Shangazi akatoa ile hela ya kianzio akaiweka juu ya mashine, juu ya sindano. "Hii ni yako tangu siku ile tuliyopeana mikono. Kaka yangu alipokea kwa heshima yako, si kwa niaba yangu. Nusu iliyobaki ninayo hapa mkobani. Niko tayari kumaliza leo hii. Naitaka mashine yangu."

"Hela hiyo ilishapokelewa," mkaza mwana akadakia. "Na asante ikasemwa."

"Sijaongea na wewe, dada."

Mzee Breki akanyoosha kiganja. "Ngoja, funga breki hapo." Kiganja kikabaki hewani, kisha akakishusha. "Fundi, siku ile uliposukuma, mimi nilikuwa nyuma. Nilimsikia mke wangu. Ndivyo alivyokuwa akisukuma, kutwa. Sikujua kama nilikuwa nimeusahau ule mlio. Sasa nitaiachiaje?"

Baba akainamisha kichwa, nikaona anakaribia kusema asante tena.

"Pole, mzee. Pole sana," shangazi akasema. "Lakini alipokuwa amenyamaza mlimwekea maua ya plastiki juu. Aliyemrudishia sauti ni mimi. Na mliniahidi mimi."

"Ndiyo maana tumefikiria," mkaza mwana akasema, sasa sauti imelainika kama ya mwenye duka. "Wewe karakana si umeacha? Njoo ufume hapa hapa. Mashine yetu, mikono yako. Tunagawana. Baba atausikia mlio wake, na wewe utapata kazi. Kwani tatizo liko wapi?"

Shangazi alimgeukia mzee. "Ni maneno yako haya?"

Mzee aliangalia viatu vyake.

"Mzee. Mnaniajiri kwenye mashine yangu?"

"Watoto wameona hivyo," akasema.

Sikuwahi kumwona shangazi akikosa la kufanya na mikono yake. Aliiinua, akaishusha. Alifunga mkoba, akaufungua, akaufunga. Halafu akasema kwa utaratibu, kama alivyofundishwa. "Kaka umesikia. Nimeleta malipo, wamekataa. Nawapa mpaka Jumatano. Baada ya hapo tutaonana panapohusika."

"Chukua basi na hela yako," mkaza mwana akasema. "Na hizo sponji zako kuukuu ung'oe, tusije tukaambiwa tumeiba mabega ya mtu!"

Mtoto wa mzee akacheka kule mlangoni. Shangazi akaisogelea mashine, akashika ncha ya ile reli, na mkaza mwana akaacha kutabasamu, kwa sababu hata yeye alijua bila ukanda ule itarudi kuwa chuma tupu. Kidogo tu angevuta. Badala yake aliisukuma ndani, mpaka ikakaa sawasawa.

"Mtu hang'oi kitu kwenye mashine yake," akasema.

Kisha macho yake yakarudi kwenye kile kitanzi. Kilikuwa kimekwishashuka mistari kadhaa tangu tulipoingia, kinafungua njia nyembamba katikati ya ile bluu. Alichomoa sindano ukosini. Akaishika karibu na kitambaa, vidole vimeshajipanga. Sote tulimwona. Mzee naye alimwona, akanyanyuka nusu kutoka kitini, usoni ana kitu kama tumaini.

Shangazi akairudisha sindano ukosini. Akaacha kitanzi kiendelee kushuka.

Hela aliiacha pale pale juu ya sindano. Baba akaaga kwa niaba yetu sote watatu, kwa sababu asingeweza kutoka bila kuaga. Shangazi alikuwa ameshafika barabarani, mabega ya koti yanacheza kila anapokanyaga. Nyuma yetu mzee akaita, "Fundi! Fundi, ngoja!" na mkaza mwana akasema kitu, na dirisha likafungwa.

Hakugeuka. Jumatano ilipita bila mtu kuja, Alhamisi akaenda kufungua madai, na siku hizi akitaka kufika sokoni huzunguka kwa barabara ya juu, ndefu, yenye vumbi. Ile nyumba hajaikanyaga tena.